Mlinzi wa Stesheni na Baraza la Jumatano

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika chumba cha mikutano cha tawi, Nakuru)

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu wa kazi, akina mama, na ninyi ndugu wafanyakazi wote,

Najua kwamba wengi wenu mmekuja jioni hii kusikia habari ya nyongeza ya mishahara, nanyi mmemkuta mzee wa bohari amesimama na makaratasi yake, ataka kuwaeleza habari za Warusi waliokufa zamani. Nyongeza itazungumzwa na Bwana Katibu baada yangu. Nivumilieni kidogo.

Sababu ya hotuba hii mwaijua. Katika mkutano uliopita ndugu mmoja alisimama akauliza kwa nini chumba hiki kiwashwe taa kila Jumatano usiku kwa ajili ya watu kumi na wawili wanaosomeana hadithi na mashairi, na hali stima hulipwa kwa ada ya wanachama wote. Alisema kwamba vitabu ni kazi ya walimu, na kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi na fidia ya mtu aliyeumia. Hoja yake si ya kipumbavu. Mimi ni mmoja wa wale kumi na wawili, lakini siku ile sikumjibu, maana nilikuwa na hasira. Halmashauri itapiga kura mwisho wa mwezi. Nimeona vyema, kabla ya kura, niwaeleze habari za watu wengine waliokuwa wakikutana Jumatano kama sisi, katika mji wa Moscow, tangu mwaka wa 1899, na mambo yaliyowapata. Mengine katika habari hizo yatanisaidia mimi, na mengine yatamsaidia ndugu yule. Nitayasema yote.

Naanza na mtu wa reli, kwa sababu sisi hapa Nakuru tumelelewa na reli. Mji huu ulikuwa stesheni kabla haujawa mji.

Katika mwaka wa 1888, yaani miaka kumi na miwili kabla reli haijafika Nakuru, palikuwa na kijana wa miaka ishirini aliyeajiriwa kuwa mlinzi wa usiku katika stesheni ndogo iitwayo Dobrinka, katikati ya nyika za Urusi. Jina lake Aleksei Peshkov. Alikuwa yatima. Baba yake alikufa kwa kipindupindu, mama yake kwa kifua kikuu, na babu yake, fundi wa kutia nguo rangi, alimtoa nyumbani akajitafutie chakula akiwa mtoto wa miaka kama kumi na mmoja. Alikuwa boi katika duka la viatu, akaosha sahani katika meli ya mto Volga, akakanda unga katika tanuri la mikate katika mji wa Kazan. Huko Kazan alichoka na maisha hata akajipiga risasi kifuani, akapona. Shule hakukaa nayo sana. Aliyemsukuma asome vitabu ni mpishi wa meli ile, mtu mkali mwenye sanduku la vitabu, aliyemwamuru amsomee kwa sauti baada ya kazi.

Basi pale Dobrinka kazi yake ilikuwa kuzunguka ghala za mizigo usiku kucha na rungu, kuzuia wezi wa unga. Mchana, badala ya kulala, alitumwa kazi za nyumbani kwa mkuu wa stesheni: kupasua kuni, kusafisha, kubeba maji. Hapa naona wazee wawili watatu wanacheka. Wanaijua kazi isiyokuwamo katika mkataba. Kijana yule hakuwa na chama wala mjumbe wa wafanyakazi wa kumpelekea shauri lake. Alifanya nini? Aliandika barua ya malalamiko kwa wakubwa wa reli, na aliiandika kwa mashairi. Wakubwa wakacheka, wakampa uhamisho. Baadaye akawa mpimaji wa mizani katika stesheni nyingine, na mwaka wa 1891 akafika Tiflis, mji ambao leo waitwa Tbilisi, akafanya kazi katika karakana ya reli. Ni akiwa katika mji ule, Septemba 1892, alipopeleka hadithi yake ya kwanza gazetini. Hakutia jina lake halisi. Alitia M. Gorky, na neno hilo kwa Kirusi maana yake ni chungu, kama dawa ya mwarobaini ilivyo chungu.

Katika miaka ile ile mtu mwingine alikuwa karani wa hesabu katika ofisi za reli pale Tiflis. Huyo naye alikuwa maskini wa Kazan, aliyefundishwa ushonaji viatu akiwa mtoto. Jina lake Chaliapin, naye akaja kuwa mwimbaji mkuu kuliko wote wa Urusi. Wenyewe walipenda kusimulia kwamba walipokuwa vijana Kazan wote wawili walikwenda kujaribiwa sauti katika kwaya ya thieta, wakamchukua Gorky, wakamkataa Chaliapin. Mkiona wasimamizi wa leo wanavyochagua watu wa kupandisha cheo, mtaamini.

Sasa hilo baraza lenyewe. Palikuwa na mwandishi wa Moscow, Nikolai Teleshov, mtu wa ukoo wa wafanya biashara, mwenye nyumba nzuri. Kila Jumatano waandishi walikusanyika kwake, na baraza lao wakaliita kwa jina hilo hilo, Jumatano. Walikuwapo Bunin, Andreyev, Kuprin, Veresaev, Serafimovich. Gorky alikuja kila alipokuwa Moscow, na Chaliapin alikuja akaimba mpaka majirani wakafungua madirisha. Wachoraji nao walihudhuria. Sheria yao ilikuwa moja: mtu husoma kazi yake ambayo bado haijapigwa chapa, na wenzake humwambia machoni pake ni nini kibaya. Asiyeweza kuvumilia, na akae kwake.

Walikuwa na mchezo wa kupeana majina ya utani, na majina yote ilipasa yawe ya mitaa na viwanja vya Moscow. Gorky walimwita Khitrovka, ambako ndiko kulikokuwa na soko la vibarua na nyumba za kulala za senti chache, makao ya walevi na watu waliotupwa na dunia. Kuprin, kwa kuwa alipenda farasi, walimwita Uwanja wa Farasi. Ingekuwa hapa kwetu, mmoja angeitwa Bondeni, mmoja Kivumbini, na ninyi mwamjua ambaye angeitwa Langa Langa.

Ni katika baraza lile Gorky aliposomea mchezo wake juu ya watu wa nyumba ya kulala kama zile za Khitrovka: mwizi, mlevi, fundi wa kufuli asiye na kazi, mke wake anayekufa pembeni. Thieta ya Sanaa ya Moscow iliuonyesha tarehe 18 Desemba 1902 kwa kalenda yao ya zamani. Kabla ya kuuonyesha, waigizaji walikwenda Khitrovka yenyewe kutazama watu walivyolala na walivyokula. Mkuu wa waigizaji, Stanislavsky, alitoka katika ukoo wenye kiwanda cha nyuzi za dhahabu na fedha. Basi mwenye kiwanda alivaa matambara jukwaani, na matajiri wa Moscow wakalipa pesa kumtazama. Ndugu yule wa mkutano uliopita aweza kusema: hiyo yawafaa nini walalao Khitrovka? Nami nasema, swali hilo ni la haki. Walalao Khitrovka waliendelea kulala Khitrovka.

Na haikuwa thieta tu. Mchoraji Repin alichora, kati ya mwaka wa 1870 na 1873, picha kubwa ya vibarua kumi na mmoja wanaokokota mashua kwa kamba vifuani, ukingoni mwa Volga. Ni picha inayouma. Lakini ilinunuliwa na mtoto wa mfalme, ikatundikwa katika jumba lake. Na tajiri mkubwa wa wachoraji katika siku zile alikuwa mtu wa reli, Savva Mamontov, mjenzi wa njia ya kwenda Arkhangelsk kaskazini. Katika shamba lake la Abramtsevo aliwakaribisha Repin, Serov, Polenov, Vrubel, Korovin. Akawapa vyumba, chakula, karakana ya kufinyanga na kuchonga. Tena alikuwa na kundi la opera, na humo Chaliapin alipata sifa. Mwaka wa 1899 Mamontov alikamatwa kwa shtaka la kuchezea fedha za reli. Mwaka uliofuata wazee wa baraza la korti walimwona hana hatia, lakini mali yake ilikuwa imekwisha. Tuseme kweli: uzuri wote ule wa Abramtsevo ulilishwa na nauli na mizigo, na kwa jasho la watu waliolaza mataruma.

Mpaka hapa ndugu yule anashinda. Ngoja sasa.

Februari 1902 Chuo Kikuu cha Elimu cha Urusi, baraza la juu kabisa la wenye maarifa, lilimchagua Gorky kuwa mwanachama wa heshima. Mlinzi wa Dobrinka! Mfalme alipopata habari alikasirika, kwa kuwa Gorky alikuwa chini ya macho ya polisi. Mwezi wa Machi likatolewa tangazo kwamba uchaguzi umefutwa. Tena tangazo lilitolewa kana kwamba ni wanachuo wenyewe waliogundua kosa lao.

Katika chuo hicho walikuwamo waandishi wengine wa heshima. Mmoja alikuwa Korolenko, mtu aliyekwisha kupelekwa uhamishoni Siberia katika ujana wake. Mwingine alikuwa Chekhov, daktari, mjukuu wa mtumwa wa shamba aliyejinunua. Alikuwa akikaa Yalta kando ya bahari kwa ajili ya mapafu yake mabovu. Hao wawili hawakuwa watu wa kupiga kelele. Chekhov hasa alichukia siasa za vikundi. Walionana Yalta mwezi wa Mei wakashauriana. Julai Korolenko alijiuzulu. Agosti 25 Chekhov naye aliandika barua yake. Neno lake, kwa ufupi, lilikuwa hili: nilimpongeza Gorky kwa kuchaguliwa, kisha latolewa tangazo kwa jina la chuo ambacho mimi ni mwanachama wake, kwamba uchaguzi ni batili, siwezi kubeba mambo mawili yasiyopatana katika dhamiri moja, kwa hiyo naomba mniondolee cheo.

Ndugu zangu, hili ndilo jambo lililonileta hapa mbele yenu. Hakuna mshahara uliokuwamo katika cheo kile; kilikuwa heshima tu. Lakini wangapi kati yetu wamenyamaza mwenzao alipofutwa jina, na wao hawakuwa na cha kupoteza ila kiti cha mbele? Tena sisemi kwamba wote walifanya hivyo. Tolstoy, mkuu wao kwa umri na kwa jina, naye alikuwa mwanachama wa heshima, wala hakujiuzulu. Hao wengine wawili walichukua miezi minne mitano kufikiri. Katika mgomo wa reli miezi mitano ni mingi mno. Lakini walifanya, na kila aliyeweza kusoma alielewa.

Mara ya pili lilikuwa jambo la damu. Desemba 1904 kiwanda kikubwa cha Putilov, St. Petersburg, kilifukuza wafanyakazi wanne waliokuwa katika chama. Wenzao wakaomba warudishwe, wakakataliwa, wakagoma, na viwanda vingine vikafuata. Jumapili tarehe 9 Januari 1905 watu maelfu kwa maelfu, pamoja na wake na watoto, waliandamana na picha za watakatifu kwenda kumpa mfalme barua yao. Ndani yake waliomba saa nane za kazi kwa siku. Askari wakawapiga risasi. Mchoraji Serov alikuwa katika madirisha ya Chuo cha Sanaa akaona wapanda farasi wakiwafyeka watu barabarani. Serov alikuwa mchoraji wa sura za wakubwa, ndiyo mkate wake. Alikwisha kumchora mfalme mwenyewe. Na mkuu wa Chuo cha Sanaa alikuwa ami yake mfalme, ambaye ndiye huyo huyo aliyekuwa jemadari wa majeshi ya mji. Serov na Polenov wakaandika barua, kwamba mtu ambaye mikono yake ina damu hii hawezi kuwa mkuu wa sanaa. Kisha Serov akajitoa katika chuo. Gorky aliandika tangazo la kuwashtaki waliotoa amri, akafungwa ngomeni, akatolewa baada ya makelele makubwa ya watu wa Ulaya yote.

Lakini nataka mwone pia upande wa pili, maana wafanyakazi hawakuwa wakingoja waandishi. Palikuwa na mpiga chapa mkubwa Moscow aliyeitwa Sytin. Ndiye aliyepiga chapa vile vitabu vidogo vya kopeki moja au moja na nusu ambavyo Tolstoy na wenzake walivitoa tangu miaka ya 1884 na 1885 kwa ajili ya watu wa vijijini. Kazi njema. Sasa, wapanga herufi wa Sytin walilipwa kwa kuhesabu herufi, elfu moja kwa bei fulani. Herufi tu. Nukta na mkato havikuhesabiwa. Mwandishi aliweka mkato wake mahali pazuri akasifiwa kwa ufasaha, na yule aliyeutia mkato ule katika safu kwa vidole vyake, akiwa amesimama, katika vumbi la risasi, hakupata kitu. Septemba 1905 wapanga herufi wakagoma, wakadai pamoja na mambo mengine walipwe nukta na mkato.

Mgomo ule wa mkato ukaenea katika viwanda vya chapa. Tarehe 7 Oktoba watu wa reli ya Moscow na Kazan wakaacha kazi, kisha reli nyingine, na baada ya siku chache Urusi nzima ilisimama, posta, viwanda, maduka, mawakili, hata wacheza dansi wa thieta ya mfalme wakakataa kucheza. Tarehe 17 mfalme akatoa tangazo la kuahidi bunge na uhuru wa kukutana. Desemba palipokuwa na vita mitaani Moscow, dereva wa gari la moshi aitwaye Ukhtomsky aliwatoa wenzake mjini kwa mwendo wa kasi mbele ya bunduki za rashasha, akawaokoa. Baada ya siku chache alikamatwa akapigwa risasi. Leo mahali pale pana stesheni yenye jina lake.

Kwa hiyo nimwambie ndugu yule: hakuna aliyesema kwamba Jumatano zitachukua mahali pa mgomo.

Palikuwa na kundi jingine baadaye, St. Petersburg, mwaka wa 1911, la washairi vijana. Walijiita Tsekh, neno litumikalo kwa chama cha mafundi wa kazi moja, kama maseremala, wakasema shairi ni kazi ya mikono na lina vipimo. Mkubwa wao mmoja, Gumilyov, alifika katika Bonde letu hili la Ufa, upande wa Uhabeshi. Mwaka wa 1913 alitumwa na jumba la makumbusho kukusanya vitu vya watu wa Harar na kupiga picha. Alishuka Djibouti akapanda gari la moshi, lakini mvua ilikuwa imeikata njia, ikabidi amalizie safari kwa troli kufika Dire Dawa. Watu wa genge mnaoijua njia ya Mau wakati wa masika mtamwonea huruma. Alikuwa mshairi hodari. Lakini katika chama chake cha mafundi hapakuwa na fundi, na Agosti 1921 serikali mpya, ile iliyosema ni ya wafanyakazi, ilimpiga risasi kwa shtaka la njama. Miaka sabini baadaye nchi yake ikakiri kwamba hakuwa na hatia.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, nisiparuke. Gorky mwenyewe aliishia wapi?

Baada ya mapinduzi ya 1917 alisema wazi dhidi ya ukatili wa wakubwa wapya, akaondoka. Baadaye alirudi, akapewa nyumba, na mji wake wa kuzaliwa ukaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1929 alipelekwa visiwa vya Solovki, kwenye kambi ya wafungwa, akaandika kwa sifa. Kati ya 1931 na 1933 wafungwa zaidi ya 100,000 walichimba mfereji wa kuunganisha Bahari Nyeupe na Baltiki, kwa sururu na matoroli ya mbao, katika baridi, wakafa kwa maelfu. Agosti 1933 waandishi wapatao 120 walitembezwa kwa meli katika mfereji ule, wakakirimiwa vizuri. Mwaka wa 1934 kikatoka kitabu kikubwa cha kuusifu, Gorky akiwa mmoja wa wahariri wake. Ndiyo, yule yule aliyepasuliwa usingizi kwa kuni za mkuu wa stesheni. Mtu aliyelalamika kwa mashairi kwa kazi isiyokuwa ya haki alisifu kazi ya shokoa.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini nikakaa siku mbili. Nilikuwa nimempenda mtu yule. Sikuacha kumpenda kijana wa Dobrinka, lakini yule mzee mwenye jumba la kifahari simwelewi, na sitawadanganya kwamba namwelewa.

Tena sisi wa nchi hii tunaijua kazi ya namna hiyo. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka wa 1958, ulijengwa kwa mikono ya wafungwa na watu wa kizuizini wa wakati wa Hali ya Hatari. Mifereji ya Mwea hali kadhalika. Tofauti ni kwamba kwetu mwandishi mmoja alikuwa upande wa sururu.

Mwaka wa 1948, katika mji wetu huu wa Nakuru, alikaa kijana aitwaye Gakaara wa Wanjau, mtu wa Nyeri, aliyekuwa askari wakati wa vita. Aliona jinsi vibarua na maskwota wa Bonde la Ufa walivyotendewa katika mashamba ya masetla, akaandika kijitabu, na alikiandika kwa Kiswahili ili kila kabila lisome: Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Si kitabu kinene. Hakikusomwa katika nyumba ya tajiri. Maandishi yake yalimponza. Oktoba 1952 alichukuliwa pamoja na viongozi wengine, akapitishwa kizuizi kwa kizuizi, mpaka kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Huko aliandika kwa siri habari za kila siku: nani kapigwa, nani kaugua, kazi gani waliyolazimishwa. Alizificha karatasi zile kwa miaka mingi. Zilitoka kitabu kwa Kikuyu mwaka wa 1983, na mwaka uliofuata kitabu kile kikapata zawadi ya Noma, ambayo ilitolewa kwa kitabu bora kilichochapishwa Afrika. Alifariki mwaka wa 2001. Nauliza: vijana mliomo chumbani humu, mmoja wenu alijua kwamba mtu huyu alikaa Nakuru?

Na mwingine ni Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Yeye alimalizia kitabu chake Petals of Blood kule kule Yalta, mji wa Chekhov, katika nyumba ya waandishi wa Kirusi, kikatoka mwaka wa 1977. Lakini jambo lililomtia kizuizini halikuwa la Yalta. Ni lile la Kamirithu, hapo Limuru, ambako yeye na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo kwa Kikuyu, nao watu wa kiwanda cha viatu, vibarua wa majani ya chai na akina mama wa kijiji wakaurekebisha wakati wa mazoezi, wakisema hapa msemo si huu, mshahara wetu si huo, wimbo waimbwa hivi. Walijenga jukwaa lao wenyewe chini ya mbingu. Hapo si Stanislavsky aliyevaa matambara. Mwenye matambara alicheza mwenyewe. Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1977, ukapigwa marufuku Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngugi akachukuliwa. Machi 1982 jukwaa likabomolewa. Serikali haikuogopa kitabu cha Kiingereza kama ilivyoogopa mchezo ule. Wajua kwa nini, wewe uliyesema vitabu ni kazi ya walimu?

Bwana Mwenyekiti, naona saa. Nasema haya machache ya kazi, kisha nakaa. Kwanza, ndugu aliyetoa hoja hajawahi kuja Jumatano hata moja. Namkaribisha, na aje na ukali wake, kwa kuwa sheria yetu ni ile ile ya Moscow, kuambiana machoni. Pili, stima ya Jumatano tatu zilizobaki mwezi huu nimekwisha kuilipa kwa Mweka Hazina, na risiti ninayo. Tatu, Jumatano ijayo saa moja za usiku atasoma dada yetu wa kiwanda cha kuchambua pareto, habari ya zamu ya usiku, kurasa saba. Ameandika kwa penseli. Mwenye nafasi ya kumpigia chapa kwenye stensili na aonane nami mlangoni.

Bwana Katibu, karibu na nyongeza yako.